Ukoko Kooni mwa Lori

Siku hizi mteremko wa juu ya Tengeru uko kimya. Mwaka jana tu, kama miaka mingine ya utawala huu wa Mwingereza, watu wa huko walimsikia Aminiel kabla ya kumwona. Lori lake lilinguruma mpaka kuku wakakimbilia migombani. Ngurumo ile aliitengeneza mwenyewe: alikifungua kisafisha hewa juu ya kabureta, akakitupa stoo, na injini ikapaza sauti. Alipenda kusikika.

Jumapili moja ya kiangazi aliibeba kwaya ya usharika kwenda kuimba Olmotonyi. Penye mwinuko, kila alipolegeza mguu, injini ilikohoa ikazimika. Waimbaji wakashuka kusukuma, majoho yao yamejaa vumbi.

"Ngurumo ya simba, pumzi ya kifaranga!" mmoja akapiga kelele, nao wakaangua kicheko.

Kicheko kile kilimchoma Aminiel. Akamgeukia utingo wake, Elisaria, kaka wa mkewe.

"Huyu hapa! Anauza petroli yangu, kisha anajazia maji!"

Mama mkwe wa Aminiel alikuwa miongoni mwa waimbaji. Elisaria alimtazama mama yake, kisha dereva.

"Mimi, shemeji?"

Akaiweka chini hendeli ya kuwashia injini, akaondoka kwa miguu. Kesho yake hakuonekana nyumbani wala sokoni. Ikasemekana amekwenda Tanga, kwenye mkonge.

Lori lilivutwa hadi Levolosi, kwa fundi Meitamei.

"Petroli yako safi kabisa," fundi alisema. "Hebu tia kidole hapa."

Kooni mwa kabureta, kuzunguka kijisahani kinachopitisha hewa, palikuwa na ukoko mweusi wa masizi, mafuta na vumbi. Kijisahani kilikuwa kimenata.

"Umelilisha vumbi, ndugu yangu. Kisafisha hewa alikitoa nani?"

Aminiel alijifuta kidole kwenye suruali, weusi haukutoka. Jina la Elisaria lilimjia mdomoni, jepesi kabisa.

"Mimi," akasema. Ikabidi fundi amwombe arudie.

Alikwenda kwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Hakumkaribisha kuketi. Alimsikiliza akikiri mpaka mwisho, kisha akasema, "Hukumsema nyumbani kwangu. Ulimsema mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ndizi za sadaka zikinadiwa nje ya kanisa, Aminiel alimwomba mzee wa usharika nafasi ya kusema. Akasema yote: kisafisha hewa, ukoko, uongo. Hakuna aliyecheka. Angeshukuru kama wangecheka. Hanna, mkewe, alikuwa ameinama, anachezea pindo la kanga.

"Tumesikia," mama mkwe alisema. "Mwanangu hajasikia."

Aminiel akaliuza lori.

Sasa yuko Tanga, kibarua katika shamba la mkonge, la tatu tangu afike. Bado hajampata Elisaria.