Barua Iliyorudishwa na Daemon

Ndinda wa Kwa Vonza ni binti wa kanisa letu, sasa ni mama wa watoto wawili. Kazi yake ni kuwatengenezea watu tovuti na kuzitunza kwenye mashine ya mbali anayoikodi, ili zionekane kwenye simu. Alianzia kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la mbegu, na laptop moja kuukuu. Programu anazotumia hazifichwi. Walioziandika wameziacha wazi, mwenye kujua azisome na azibadilishe. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza nikaelewa: ni kama kiondo ambacho aliyekisuka anakuruhusu ukifumue uone alivyoanza.

Tovuti na barua pepe za makanisa manane, kutoka Kyuso hadi Tawa, ziko kwake. Letu lilitangulia, mengine yakafuata. Hiyo ndiyo riziki yake yote.

Mimi, Mama Mwau, ni katibu wa akina mama, na yeye ndiye aliyenifundisha kutuma barua pepe ya kanisa. Jumanne moja asubuhi niliwaandikia akina mama wa Kyuso kuhusu kongamano. Kabla sijaweka simu chini, jibu likaingia. Nikatazama limetoka kwa nani: MAILER-DAEMON.

Kiingereza changu ni kidogo, lakini hilo neno la pili, pepo, tumelikemea miaka mingi kwenye maombi. Nikaketi juu ya gunia la ndengu nikataja damu ya Yesu, polepole, mara tatu. Pepo lilikuwa limeshika barua yetu, tena likaweka jina lake bila kuogopa.

Sikumpigia Ndinda. Nilipeleka simu moja kwa moja kwa Pastor Nzioka. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kufikia Alhamisi Tawa walikuwa wamesikia, wakasema sisi tukitoka kwa Ndinda na wao wanatoka. Jumamosi wazee wakamwita kanisani.

Mzee Kitheka, mwenyekiti, alimuuliza kama alijua kwamba kitu hicho kimo ndani ya mashine. Ndinda akasema alijua. Nilihisi benchi limezama chini yangu.

Akaeleza kwa utaratibu kwamba hilo ni jina tu walilotunga watu wa zamani wa kompyuta, la programu inayofanya kazi bila kuonekana. Barua ikikosa mwenyewe, hiyo ndiyo huirudisha. Akaomba aone anwani niliyoandika. Nilikuwa nimeandika Kioso badala ya Kyuso, vile ninavyoisikia masikioni.

"Kumbe pepo ni Mama Mwau," Nzioka akasema, na wachache wakacheka.

Mzee Kitheka hakucheka. "Binti yangu, mtoto wako ungemwita hivyo?"

"Hapana, mzee."

"Basi barua za nyumba ya Mungu ziletwe na mwenye jina hilo?"

Ndinda akafungua laptop juu ya meza ya sadaka.

"Niliwaambia hizi programu ziko wazi. Nipeni jina mnalotaka."

Mmoja akasema Malaika. Mzee Kitheka akakataa, kwamba malaika akitumwa hufika, harudi na barua mkononi. Wakabishana kidogo, wakakubaliana Tarishi. Ndinda akaandika kwa dakika chache, kisha nikaambiwa nikosee tena. Nikaandika Kioso kwa makusudi, wazee wote wameniinamia. Jibu likaja: TARISHI. Chini yake, kwa Kiswahili: Samahani, mwenye anwani hii sikumpata.

Pastor aliketi taratibu kama mgonjwa. Kwangu mimi huo mshtuko wa pili ulizidi ule wa kwanza: jina lililowekwa na watu wa ng'ambo tusiowajua, mtoto wetu ameliondoa kwa vidole vyake, na hakuomba ruhusa kwa yeyote.

Mzee Kitheka akasema kanisa linabaki kwa Ndinda, na akawapigia Tawa yeye mwenyewe, pale pale.

Nilimfuata Ndinda nje nikamwomba msamaha kwa kutompigia kwanza. Alinishika mkono.

"Mama Mwau, mimi siku ya kwanza kuliona jina hilo nilizima mashine nikapiga magoti. Tofauti ni kwamba sikuwa na mtu wa kumpelekea."