Niliyaita Mahindi ya Njano Sumu ya Uzazi

Ndugu zangu, nimekosa. Sitasema nilipotoshwa, wala sitamsingizia shetani, maana shetani hakuwa na kibanda pale sokoni Igogo. Mwenye kibanda nilikuwa mimi, na mdomo uliosema ulikuwa wangu.

Jina langu niacheni nalo. Wanaonijua watanijua tu wakisoma, na aibu hiyo nimeshaikubali.

Nilikuwa nauza mahindi. Biashara ilipofunguliwa na vizuizi vya nafaka vikaondolewa barabarani, wanawake wengi wa Mwanza tuliingia sokoni. Zamani mahindi yalikuwa mambo ya ushirika. Sasa ukiwa na mtaji na ulimi, unanunua vijijini, unauza mjini. Mtaji wangu ulikuwa mdogo. Ulimi ndio Mungu alinijalia, na ndio ulioniponza.

Mwaka ule mvua zilitukimbia. Mihogo ikakauka, viazi vikatoka vidogo kama vidole, na mimi nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi! Nilikuwa nimejaza mahindi meupe stoo nikisubiri njaa inipandishie bei.

Badala yake yakaja mahindi ya njano ya msaada. Yaligawiwa vijijini, na mengine, mnayajua mambo yetu, yakapenya mpaka sokoni na kuuzwa rahisi. Wateja wangu wakahama. Mahindi yangu yakabaki stoo yakiliwa na wadudu wa dumuzi, hadi ukigusa gunia unga unakumwagikia miguuni.

Siku moja fundi cherehani, jirani yangu pale sokoni, alikuwa anasoma gazeti ameegemea magunia yangu. Akanisomea kwa sauti. Gazeti lilisema huko ng'ambo wataalamu wameanza kubadilisha mbegu za mahindi maabara, na watu wanabishana. Wengine wanasema mbegu hizo zitaondoa njaa, wengine wanasema madhara yake bado hayajulikani. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu mahindi yetu ya msaada. Wala kuhusu uzazi.

Neno la uzazi nililitia mimi!

Mchana ule ule alikuja mama mmoja kulalamika kwamba bei yangu ni kali. Nikainama, nikamnong'oneza: "Dada, yale ya njano ni ya maabara. Wameyachezea. Mwanamke akiyala, kizazi kinafunga. Huko yalikotoka wanawapa ng'ombe."

Akashika tumbo lake, maskini. Akanunua yangu yenye dumuzi, na akanishukuru.

Jamani, mimi mwenyewe nimekua kwa unga wa njano! Enzi zile za foleni za chakula tuliula mpaka tukasahau mweupe ukoje. Nikavunja ungo, nikaolewa, nikazaa. Tumbo langu mwenyewe lilikuwa linanisuta, nami nikajifanya silisikii.

Uongo ule ulikwenda mbio. Mnajua kwetu mwanamke asiyezaa anavyosemwa, huna haja ya kumtisha mtu kwa kingine. Haukupita muda nikawa nasimuliwa uongo wangu na watu wa Buzuruga, upande mwingine wa mji, umeshaongezewa nesi aliyeona kwa macho yake. Nami nikawa natikisa kichwa, nasema loo, makubwa!

Sasa sikilizeni. Binti yangu alikuwa kwa mama yangu, kijijini huko Sengerema. Nitamwita Kabula, ingawa si jina lake. Alikuwa bado hajaanza shule. Mimi nashinda sokoni, mume wangu ni dereva wa malori, kwa hiyo nilimpeleka akalelewe na bibi yake pamoja na mtoto wa kiume wa kaka yangu.

Basi kaka akavuka na kivuko, akaja mpaka kibandani. Wateja walikuwa wamejaa.

"Mayu anakusalimu," akasema. Mayu ndiye mama. "Kule tumegawiwa mahindi ya njano. Watu wanasema yanafunga uzazi. Mayu amekataa kumsikiliza mtu yeyote. Kasema nenda kamuulize mwenzio, yeye ndiye mtu wa mahindi, hawezi kutudanganya. Eti ni kweli?"

Wateja wote wakanitazama.

Ningeweza kumvuta kaka pembeni. Ningeweza kumsindikiza hadi kivukoni nimwambie njiani. Hata kukonyeza tu ningeweza! Lakini niliwaona wale wateja, nikaona na stoo yangu. Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Ni kweli kabisa. Mwambie mayu, Kabula asiyaguse. Nitamletea meupe."

"Utaleta lini?"

"Wiki hii hii."

Nilikusudia kupeleka, Mungu ni shahidi. Nilitenga gunia zuri, halijaguswa na dumuzi. Lakini kesho yake wateja walifurika, bei ikapanda, nikasema nitauza hili la mama, nitatenga lingine. Lile lingine nalo nikaliuza. Kila siku nilikuwa napeleka kesho.

Kaka akaenda zake visiwani kuvua dagaa. Agizo langu likabaki kwa mama, naye akalishika kama amri ya kanisani.

Nilivuka mwenyewe nilipokwisha kuuza stoo nzima. Nilivaa kitenge kipya. Nilipoingia uani nilimwona mtoto wa kaka anakimbiza mpira wa makaratasi, mashavu yamejaa, ananisalimia huku anakimbia. Nikauliza Kabula yuko wapi.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kimya. Miguu imevimba. Nywele zimekuwa nyekundu na laini kama za ndama. Hakuinuka kunipokea.

"Shikamoo mama," akasema. "Umeleta mahindi yangu?"

Mungu wangu!

Mama akatoka jikoni anafuta mikono, anafurahi kuniona. Akanieleza yote bila kuulizwa, na alikuwa anajivunia. "Mimi na huyu wa kiume tunakula yale ya serikali. Mimi uzazi wangu ulishapita, na mwanaume hayamdhuru. Huyu nilimpikia michembe, vile viazi nilivyokausha, na michembe ilipoisha nikawa nampa mlenda. Alikuwa analia akisikia harufu ya ugali, kwa hiyo sisi tukawa tunakula nyuma ya nyumba, asituone. Ng'wanone, mwanangu, nimemtunza. Hajaonja hata punje."

Nilimbeba mtoto mgongoni, tukaenda hospitali, mama akinifuata nyuma na kikapu.

Nesi alimbonyeza Kabula mguuni, kidole kikaacha shimo. Akamgeukia mama yangu. "Bibi, wewe ndiye unayekaa naye? Nyumbani kuna chakula?"

"Kipo," mama akasema. "Mahindi yapo."

"Mahindi yapo na mtoto anavimba kwa utapiamlo! Una roho ya namna gani wewe? Mtoto wa mwenzio unamnyima, wewe unakula?"

Wodi nzima iligeuka kumtazama. Mama yangu, mzee wa watu, mwenye mvi kichwani, akakemewa na binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa analinda uzazi wa mtoto.

"Nani kakudanganya upuuzi huo?"

Mama akanitazama. Nikatazama chini. Akasema, "Ni maneno ya watu tu, mwanangu. Mimi ndiye mjinga, sikusoma."

Nami nikanyamaza! Nilikuwa nimesimama pale na kitenge changu kipya, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote niliyosema sokoni.

Kabula alipona, namshukuru Mungu. Tulimlisha uji pole pole, na huo uji, nisifiche kitu, ulikuwa wa mahindi ya njano. Leo anasoma, anacheza, ana kelele kuliko wenzake.

Lakini mume wangu alipopata habari alikuja juu. Wakwe wakakaa kikao, wakasema bibi yule amechakaa akili, asipewe tena mtoto wa kulea. Nilikuwemo kikaoni, nikasema mnavyoona ninyi. Kaka naye alimwondoa mwanawe akampeleka kwa mama yake mdogo. Kaka alijua ukweli wote, maana agizo langu alilipeleka yeye. Hakunisema kwa mtu, ila tangu siku ile hajakanyaga kibandani kwangu, na tukikutana ananisalimia kama mgeni. Mama anaishi peke yake sasa, ua umefagiliwa safi na hakuna wa kuuchafua.

Kuhusu mbegu za maabara, mpaka leo sijui lolote. Labda ni nzuri, labda ni mbaya, waliosoma wabishane na sisi tusikilize. Lakini wewe unayesoma haya, kama hujui, sema sijui! Usimtishe mwenye njaa kwa chakula kilicho mkononi mwake huku wewe una gunia lako la kumuuzia. Na ukishasema uongo mbele za watu, ufute mbele ya watu hao hao, kabla haujavuka maji. Mimi nilidhani nawatisha wateja. Sikujua kwamba mtu atakayeniamini kuliko wote ni mama yangu.

Nikivuka kwenda kumwona, huwa ananishika mkono wakati wa kuagana. "Mwanangu," ananiambia, "lile la mtoto, umenisamehe kweli?"

Nami kila mara namjibu, "Nimekusamehe, mayu."

Juzi nilipomjibu hivyo alilia kwa furaha. Akaingia uani, akakamata kuku wake mmoja, akamfunga miguu, akanipa niende naye Mwanza. Nikampokea.