Muuza Salfa

Zamani salfa ilikuwa salfa na mrututu ulikuwa mrututu. Siku hizi, kununua dawa yoyote ya ukungu, mpaka usomewe lebo na yule binti wa duka la pembejeo, Masasi. Huchomoa kalamu nyweleni, akaipitisha kwenye tarakimu ndogo zilizokaa chini ya herufi, midomo ikichezacheza kama anayesali. Mzee Chilumba, aliyejifundisha kusoma mwenyewe, huona anafanya jepesi kuwa gumu. Lakini maua ya mikorosho yake yakiliwa na ukungu, mwaka huu havuni kitu, kwa hiyo husikiliza.

"S ni salfa, Babu. Hii CuSO₄ ni mrututu."

"Mbona S imo na humo?"

"Imeungana na shaba na oksijeni. Si salfa tena."

"Kwa hiyo binti yangu akiolewa, si mwanangu tena?"

"Akiolewa na shaba, Babu, hata wewe hutamtambua."

Akacheka, akampimia salfa. Mzee aliipulizia mikorosho bila kuelewa. Mara ya mwisho alipomwona, binti wa duka alikuwa amekuja shambani kwake Chiwata bila kuitwa, ameshika shada la maua ya mkorosho lililojaa ukungu mweupe vilevile, analigeuzageuza.

"Lebo niliisoma sawasawa, Babu; kilichokuwa mfukoni ndicho sikijui," alisema polepole, na Mzee hakujua amgombeze au ampe kigoda akae.