Fowili Langu na Difu Niliyoigeuza

Ndugu msomaji, ukitaka kuinua gari kuukuu la fowili, lile la njia mbovu, lisikwame kwenye tope la njia ya kambi ya wakimbizi, usikate tamaa. Nisikilize mimi, bingwa. Unafungua difu, lile bonge la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma, unaligeuza juu chini, unafunga tena. Gari linainuka kama twiga. Ndivyo nilivyofanya uani kwangu mtaani Katubuka, kwa akili zangu mwenyewe.

Jirani yangu Papa Feruzi, mkimbizi aliyekuwa fundi magari huko Kongo, aliinama akachungulia.

"Mwalimu, difu ikigeuzwa hivi, magurudumu..."

Nikamkatiza kwa upole, nikamfundisha nusu saa nzima jinsi difu inavyofanya kazi. Maskini, aliitikia tu.

Kesho yake akaja bwana wa shirika linalohudumia kambi kulikagua gari. Akiridhika, ningepata kazi ya kupeleka mahindi ya wakimbizi msimu mzima. Mtaa wote ulitoka kutazama. Nikapunga mkono, nikatia gia namba moja, nikakanyaga mafuta. Gari likarudi nyuma, likapanda majamvi ambayo jirani Mama Zawadi alianikia dagaa. Nikatia namba mbili. Likarudi kwa kasi zaidi.

"Wee Mwalimu, dagaa wangu!"

Bwana wa shirika akafunga daftari lake. Papa Feruzi akasogea dirishani, akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi mtaa mwingine wa Mwanga:

"Usihuzunike, Mwalimu. Kambini utafika. Tia rivasi."