Tembo wa Shangazi

Mara ya kwanza kuvuka pori la akiba la Biharamulo nilikuwa chini ya kitenge cha shangazi yangu, nimekaa juu ya mkeka kwenye tela la trekta, na nilikuwa naolewa. Nilikuwa msichana mwenye macho mepesi na kichwa kigumu. Kunipitisha penye wanyama wote wale halafu kuniambia nisiangalie ilikuwa sawa na kumfunga mbuzi mlangoni mwa ghala.

Kwetu Bugarama, wilaya ya Ngara, siku zile bibi harusi alifunikwa gubigubi tangu anapotoka kwa baba yake hadi anapoingia kwa mumewe. Asionekane, asione, na akiweza alie. Msimamizi wa hayo yote alikuwa shangazi, dada wa baba. Bibi harusi akifika uso wazi, aibu haikuwa yake bali ya shangazi. Watu wangesema mama huyu hajui kazi, na wasingemwita tena kwenye harusi. Shangazi yangu alikuwa amewafikisha wasichana wengi wa ukoo wetu, na hakuna aliyefika na hata ncha ya pua nje. Alijivunia jambo hilo kuliko shamba lake la migomba.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeletwa kijijini kwetu kutoka Nyamirembe, huko ziwani. Siku moja kisimani aliniambia kwamba njia ya kwenda kwao inapita katikati ya tembo. Mimi tembo nilimjua kitabuni tu, picha nyeusi yenye ukubwa wa kidole gumba. "Siku utakayokuja kwetu utawaona," akasema, "na ukifika nitakuuliza wakoje." Sisemi kwamba nilikubali kuolewa kwa sababu ya tembo, ila tembo walisaidia. Yeye hakufikiria habari ya kufunikwa. Mimi pia sikufikiria, mapenzi yalikuwa yamenijaa masikioni.

Ndipo ikaja vita ya Kagera. Mapigano yenyewe yalikuwa mbali nasi, kaskazini. Kwetu vita ilionekana kwa vitu kutoonekana. Malori yalikwenda mbele, mafuta yalikwenda mbele, vijana walikwenda mbele wakiimba, na duka la kijiji likabaki na viberiti na muuzaji. Watu walimshauri baba aahirishe harusi. Baba akasema ng'ombe wa watu wamekwisha kula majani yake, hawezi kuwaambia wenyewe wasubiri amani. Aliyetuokoa ni mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa. Trekta la kijiji lilikuwa linakwenda bandarini Nyamirembe kuchukua chumvi na majembe yaliyoshushwa na meli, na wakati wa kwenda tela lingekuwa tupu.

Ikabaki shida ya nguo. Zamani bibi harusi alifunikwa shuka pana, mtu wa pili angeweza kujificha humo asijulikane. Mwaka ule shuka hazikupatikana kwa dawa. Shangazi akatoa kitenge chake mwenyewe, kipande kimoja chenye maua ya njano yaliyopauka. Kilinifunika kuanzia kichwani hadi magotini, tena nikijikunja. Naomba ufupi wa kitenge hicho ukumbukwe.

Tukaondoka asubuhi: dereva kwenye trekta, na kwenye tela mimi, shangazi, binamu yangu aliyekuwa mpambe, na mama mdogo ambaye kazi yake ilikuwa kuimba. Trekta lilikwenda polepole hata kuku wa njiani walikuwa na muda wa kufikiri. Mama mdogo aliimba kila kijiji, watoto wakatukimbilia, wanawake wakapiga vigelegele kutoka mashambani. Mimi nilikuwa naona mwanga wa njano na magoti yangu. Nilikuwa na furaha hata hivyo, siwezi kuficha. Nilikuwa nakwenda kwa mtu niliyempenda, na vigelegele vyote vile vilikuwa vyangu.

Lusahunga tulikuta kizuizi. Wakati ule kila penye njia panda palikuwa na mgambo, na mgambo wa hapo alikuwa kijana mwenye bunduki ya mbao na sauti ya chuma.

"Chini ya kitenge kuna nini?" akauliza.

"Bibi harusi," shangazi akajibu.

"Kifunue."

"Kifunue wewe, halafu umwoe wewe."

"Mama, amri ni amri. Adui ana mbinu nyingi."

"Adui gani huyo anayeria?" shangazi akasema, na papo hapo akanifinya paja. Nikalia kweli, maana vidole vyake vilikuwa vya kumenyea ndizi. Kijana akafikiri kidogo, kisha akaamuru ninyooshe mguu nje. Nikaunyoosha. Ulikuwa umepakwa samli, una vikuku, na kisigino nilikuwa nimekisugua wiki nzima. Akautazama kwa makini, akatikisa kichwa.

"Huyu si mwanajeshi," akasema, akainua mti. Dereva alicheka hadi Nyamahanga, tulikolala kwa jamaa zetu.

Kesho yake tukapita Biharamulo mjini, na mbele kidogo, pori linapoanza, trekta likasimamishwa tena. Safari hii alikuwa bwana nyama, askari wa wanyamapori, mwenye kofia ya ukingo mpana na bunduki ya kweli. Chombo kinachokwenda polepole hakikuruhusiwa kuvuka pori bila yeye. Akapanda kwenye tela, akamwamkia shangazi shikamoo, akasafisha koo.

Ikumbukwe kwamba bwana nyama huyu alikuwa amepelekwa kozi ya kuongoza watalii. Alifundishwa jinsi ya kusimama, jinsi ya kunyoosha mkono, jinsi ya kunong'ona. Akarudi Biharamulo kungojea watalii, na watalii hawakuja. Kilichokuja ni vita. Maneno yote aliyojifunza yalikuwa yamemjaa kifuani kama maziwa ya ng'ombe asiyekamuliwa. Sisi ndio tulikuwa wageni wake wa kwanza.

"Mabibi na bwana dereva," akaanza, "karibuni kwenye pori letu. Naomba utulivu. Wimbo tutauacha hapa."

Mama mdogo akanyamaza, amenuna. Na ziara ikaanza. Bwana nyama alionyesha kila kitu, hata visivyohitaji kuonyeshwa. Kulia kwenu nyamera. Kushoto kichuguu, kazi ya mchwa. Mbele barabara. Wenzangu mwanzoni walimcheka, kisha nikasikia kicheko kimekatika na pumzi zimebadilika. "Mana yanje," mama mdogo akasema taratibu, akimtaja Mungu kwa Kihangaza, na mimi sikujua ni kwa nini. Nikamkanyaga binamu.

"Twiga," akaninong'oneza.

"Yukoje?"

"Mrefu."

Huo ndio msaada niliopata. Nilimuuliza pundamilia yukoje, akasema ana mistari. Nikaona machozi yananitoka, safari hii bila kufinywa. Shangazi aliponisikia nikilia akanipigapiga bega kwa kuridhika, kwamba naolewa vizuri.

Bwana nyama hakuridhika. "Mama," akamwambia, "nina wageni watano kwenye ziara yangu na mmoja haoni. Kozini hatukufundishwa hivyo. Mfungulie kidogo tu, hapa hakuna watu."

"Wewe je, ni nyani?"

"Mimi ni serikali."

"Serikari haina shangazi," akajibu. "Akifika uso wazi wataniuliza mimi, hawatakuuliza wewe. Onyesha wanyama wako, baba, na mimi nifikishe mtoto wangu."

Nilimchukia kwa muda, lakini najua sasa kwamba alikuwa anaogopa. Alikuwa anakwenda kusimama mbele ya wanawake wa ziwani asiowajua, watu wa kabila jingine, akiwa na msichana kwenye tela la chumvi na kitenge kimoja cha zamani. Kunifunika ndilo jambo pekee lililobaki ambalo angeweza kulifanya sawasawa.

Tulikuwa karibu kutoka porini, na mimi nimekwisha kata tamaa na tembo wangu, dereva aliposimama ghafla. "Zima," bwana nyama akanong'ona, kwa mnong'ono wa kozini. Trekta likazimwa. Pakawa kimya, kisha nikasikia matawi yanavunjika pande zote mbili za barabara, na sauti nzito kama ya gunia la maharage linaloburutwa chumbani. Pakanuka majani yaliyotafunwa.

"Hawa ni tembo," bwana nyama akasema, na sauti yake ilitetemeka. Hakuwa na hofu, alikuwa na furaha. "Mtu asitikisike."

Shangazi akatikisika. Mwanamke yule aliyemshinda mgambo na serikali aliona kitu kikubwa kinatoka kichakani hatua chache kutoka kwenye tela, na akafanya ambalo kila mwenye akili angefanya: akatafuta pa kujificha. Hapakuwa na kitu kwenye tela lile ila kitenge. Akaingia chini yake kichwa mbele, akanikumbatia kiuno, akakivuta kitenge chote kikaenda upande wake. Ingekuwa shuka ya zamani tungefunikwa wote wawili. Kitenge hakikututosha. Kilimtosha yeye.

Nikabaki nimekaa kichwa wazi, jua usoni, katikati ya tembo.

Hawakuwa weusi kama wa kitabuni. Walikuwa wekundu, wamejimwagia udongo wa barabara ileile, wekundu kama nyumba zetu. Walipita mbele ya trekta bila haraka, kama watu wanaotoka kanisani. Mmoja sikio lake lilikuwa limechanika, akasimama akatutazama, na kope zake zilikuwa ndefu kuliko za binamu yangu. Nilitaka wasiishe kupita. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, wala sikuwa na mtu wa kumshukuru isipokuwa kitenge.

"Wameondoka?" sauti ikauliza mapajani mwangu.

"Bado, shangazi."

"Unajuaje?"

Hakungoja jibu. Nikasikia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Wakoje?"

Nikamsimulia. Nilimwambia rangi, nikamwambia sikio lililochanika, nikamwambia kope. Kila nikinyamaza alinifinya, lakini taratibu. "Kuna mtoto?" akauliza. Nikasema yupo. "Anafanya nini?"

Mtoto wa tembo alikuwa amegeuka nyuma anajikuna makalio kwenye kichuguu kwa raha zote. Hilo bibi harusi hawezi kumwambia shangazi yake. Nikasema amemshika mama yake mkia ili asipotee.

"Masikini," shangazi akasema.

Wa mwisho alipoingia kichakani nilirudi chini ya kitenge mwenyewe, na shangazi akatoka upande wa pili akijipangusa vumbi. Mama mdogo alikuwa anatazama mawingu. Bwana nyama akasafisha koo.

"Nasikitika," akatangaza, "kwamba mgeni wangu mmoja hajaona kitu." Kupitia maua ya njano nikaona kivuli cha mkono wake kikigusa ukingo wa kofia, upande wangu.

Tulifika Nyamirembe jioni, ziwa nikalisikia kabla ya kuliona. Wanawake wa huko wakatupokea kwa nyimbo, na shangazi wa mume wangu, mama mnene mwenye sauti ya upole, akaniingiza ndani. Akamuuliza shangazi yangu mbele ya wote: "Mmemfunika tangu kwao?"

"Tangu kwao. Hajaona hata nzi."

Mama yule akainua kitenge. Sikuwa nimefikiria jambo moja: vumbi. Uso wangu ulikuwa mwekundu kama wa tembo wenyewe, na machozi yalikuwa yameuchora mistari. Nilimsikia shangazi yangu akiacha kupumua. Mama yule akanitazama, akamtazama mwenzake, kisha akashika ncha ya kanga yake akanifuta mashavu yote mawili bila haraka.

"Vumbi la huku kwetu," akawaambia wanawake, "linapita hata kwenye blanketi." Wakapiga vigelegele, na shangazi yangu akakaa chini kwenye mkeka kama mtu aliyesimama tangu Bugarama.

Mume wangu aliniuliza wakoje, kama alivyoahidi. Nilimwambia yeye peke yake, kila kitu, pamoja na kichuguu. Alicheka akaanguka kitandani, nasi tukaanza maisha yetu hivyo.

Miaka ikapita. Shangazi akawa mzee, na kwao Bugarama akajulikana kwa hadithi moja. Kila harusi na kila ubatizo, pombe ya rubisi ikishazunguka, watu walimwomba awaeleze tembo. Naye alieleza vizuri kuliko bwana nyama: wekundu wao, sikio lililochanika, kope. Na mtoto aliyemshika mama yake mkia ili asipotee. Hapo wanawake walisema masikini, wote kwa pamoja.

Mara ya mwisho nilimsikia kwenye harusi ya binti yangu. Macho yake hayakuwa yakiona tena. Alieleza mpaka mkiani, akapumua, akageuza uso upande aliosikia sauti yangu.

"Mimi niliwaona kwa macho yangu haya," akasema. "Huyu masikini alikuwa amefunikwa. Hakuona kitu."

Watu wote wakanigeukia. Nilimpenda shangazi yangu siku ile kuliko siku zote.

"Ni kweli," nikasema. "Mimi nilisimuliwa tu."