Katibu Alipobana Pasipoti Zetu

Katibu hakuchaguliwa na mtu. Siku tuliyopata habari kwamba sisi watatu tumekubaliwa kwenda nchi jirani kwa siku kumi na mbili, kusoma mimea ya msitu wa mlimani, mimi na Mrefu tulirukaruka bwenini mpaka wa chumba cha chini wakagonga dari. Tulipotulia tukamkuta mwenzetu amekaa kitandani na daftari, ameshapiga mistari, anaandika nani atabeba dawa ya kuharisha. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa tukaliacha.

Nitamsema vizuri, lakini kwanza nimseme vibaya, maana nimevumilia mengi. Alitupangia zamu za kuoga kwa sababu alisikia kituo tunachokwenda kina bomba moja. Alitufungisha mabegi wiki tatu kabla ya safari, akatuzungusha nayo uwanja wa mpira mara sita, huku timu ya chuo ikifanya mazoezi na kututupia maneno. Mrefu, ambaye suruali zake zote zinamwishia juu ya kifundo cha mguu, aliamriwa kuacha jozi ya pili ya viatu kwa kuwa kiatu chake kimoja kinakula nafasi ya sufuria. Tulilalamika. Yeye akafungua ukurasa mwingine.

Lakini nilipougua mwaka wa pili, ni yeye aliyehesabu vidonge vyangu na kuninyooshea kidole mpaka nimeze. Nampenda kama dada, na dada anaudhi.

Safari ile ilikuwa na mlima wake kabla hata ya ule wa msituni, nao ni baba yangu. Baba ni fundi wa vyerehani. Si kushona, kutengeneza: anavifungua, anavipiga mafuta, anavisikiliza. Miaka sita iliyopita kaka yangu alivuka mpaka na marafiki zake, akaaga kwamba anakwenda wiki mbili. Simu yake ya kwanza ilikuja baada ya miezi minane, nayo ilikatika kabla baba hajasema neno. Mpaka leo hatujui anakaa wapi. Kwa hiyo nilipoleta fomu ya chuo, baba aliikalisha juu ya meza siku tisa. Aliitia sahihi siku ya kumi bila kunitazama, na mimi sikushukuru kwa sauti, nikiogopa asije akabadili mawazo.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja tukatoka kutoa nakala za pasipoti, mvua ikatukuta njiani. Bahasha ililowa. Pasipoti hazikuharibika, ila kurasa zilianza kujikunja. Mtu mwingine angezianika dirishani. Sisi ni watu wa mimea, na kwa mtu wa mimea kitu chochote chenye unyevu na mikunjo kina dawa moja tu: kibanio. Ni vibao viwili na mikanda miwili, katikati unapanga magazeti, na kati ya magazeti unalaza mmea wako mpaka ukauke ukiwa umenyooka. Katibu alizilaza pasipoti zetu tatu kila moja na gazeti lake, akakaza mikanda, akakalia juu ili akaze zaidi. Tulimsifu.

Alichosahau ni kwamba asubuhi ileile, katika kibanio kilekile, alikuwa amelaza maua mabichi ya zambarau ya mazoezi.

Kesho yake tukafungua. Ya Mrefu salama, ya Katibu salama. Yangu ilikuwa imepakana na maua. Utomvu ulikuwa umepenya gazeti na kuingia ukurasa wa picha, ukanipaka zambarau kuanzia paji la uso hadi kidevu, na juu ya namba kulikuwa na ua zima limeganda, limekauka kitaalamu kabisa, mhadhiri wetu angelipa alama zote. Mrefu alicheka sekunde moja, akaona uso wangu, akanyamaza.

Nilimwambia Katibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alikuwa ameshika ile pasipoti kwa mikono miwili.

Katika ofisi ya uhamiaji tulihudumiwa na mama mmoja mpole. Alisema pasipoti mpya inaweza kutoka ndani ya siku saba, lakini kwa iliyoharibika lazima mzazi afike mwenyewe, aeleze ilivyoharibika, atie sahihi. Baba, aliyetoa sahihi moja kwa siku kumi, sasa aombwe ya pili, tena kwa sababu wenzangu hawawezi kutunza hata kijitabu.

Basi nikatunga uongo. Mvua iliharibu, kwisha. Mvua ilinyesha kweli, watu waliiona. Mrefu akaniunga mkono. Katibu akasema sawa, kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza hakuandika kitu.

Tulifika karakana ya baba saa tatu asubuhi. Tukamwamkia, akaitikia, akafuta mikono kwa kitambaa na kutuvutia viti. Nikaanza hadithi yangu. Nilikuwa nimefika kwenye mawingu.

"Baba," Katibu akanikatiza, "si mvua. Ni mimi."

Nilimkanyaga mguu. Hakuuondoa. Akaeleza yote, bahasha, magazeti, maua, mpaka kule kukalia, na jinsi ofisi inavyomtaka mzazi afike mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akamalizia kwamba kama baba atakataa, ana haki, ila akatae kwa kosa lake yeye, asinihesabie mimi.

Baba akauliza mikanda ilikazwa kiasi gani. Katibu akamwonyesha kwa vidole. Baba akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa mashine iliyoharibiwa na fundi mwenzake, akasema unyevu haukazwi, unaachiwa pumzi. Katibu akaitikia kwamba ameelewa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nakufa, na hawa wawili wanazungumza mikanda.

"Huko mnakokwenda," baba akasema, "likimpata mwanangu jambo, nani atanipigia?"

"Mimi, baba."

"Hata kama ni wewe uliyekosea?"

"Nitakupigia, baba. Siku hiyohiyo."

Baba akasimama akaenda ukutani. Pale juu ya meza yake ya kazi ameandika kwa chaki namba za watu anaowahitaji: muuza sindano, muuza mafuta, fundi umeme. Akachukua chaki, akamwambia Katibu ataje namba yake polepole. Akaiandika kubwa kuliko zote, akairudia kuisoma, akarekebisha saba iliyokaa vibaya.

Halafu akabaki amesimama vilevile, ametugeuzia mgongo.

"Wale marafiki wa kaka yako walikuja hapa kuniaga," akaniambia. "Wanne. Vijana wazuri, wana adabu, kila mmoja akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mpaka leo sina namba ya hata mmoja."

Akavuta kitambulisho chake kutoka kwenye droo na kuanza kufunga madirisha ya karakana, saa tatu na nusu asubuhi, na mteja amesimama mlangoni na cherehani yake kichwani.