Kibali Alichonyimwa Bi Ozella

Thurman Gadsden aliijua miti kabla hajajua kusoma. Baba yake, Hosea, alikuwa mkata misonobari katika kaunti moja ya jimbo la Georgia, Marekani, na Thurman alipotimiza miaka kumi na saba alikuwa tayari anapanda miti ya watu kwa kamba, msumeno wa injini ukining'inia kiunoni, akiikata kipande kipande kutoka kileleni hadi chini. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Aliangusha mialoni na misonobari isiyo na idadi, hata ikawa kuna mitaa ya mji wa Harlow Creek ambayo akipita anainamisha macho. Jua lilipiga lami waziwazi pale ambapo yeye na wenzake, utotoni, walicheza gololi kivulini mchana kutwa.

Basi halmashauri ya mji ilipoona wajenzi wa majumba wanafyeka viwanja bila huruma, ikapitisha sheria ndogo. Mti wowote wenye shina linalozidi futi moja kwa upana, hata ukiwa ndani ya ua wako mwenyewe, huukati mpaka upate kibali. Kibali hutolewa kama mti umekufa, unakufa, au ni wa hatari, na mwenye kuamua hayo ni mkaguzi. Watu walinung'unika sana. Nyumba yangu, mti nimeupanda mimi, majani naokota mimi, halafu nikapige magoti halmashauri? Lakini sheria ilisimama, na mkaguzi aliyeajiriwa alikuwa Thurman.

Kinyozi wake alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Wamempa fisi bucha," alisema. Thurman akajibu kwamba fisi ndiye anayejua nyama iliyooza.

Aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Kila asubuhi alitoka na utepe wa kupimia mashina, nyundo ya mpira na kamera. Aligonga mti, akatega sikio, akatazama majani, gome, matawi. Mti uliooza ndani hulia kama debe tupu, na sikio lake halikumdanganya. Kwa miaka tisa alikataa maombi mengi kuliko aliyokubali, na kila alipokataa alirudi nyumbani mwepesi wa moyo. Mkewe, Earlene, alizoea kumsikia akisema mezani, "Leo nimeokoa mmoja."

Mwezi wa Aprili, mwaka wa kumi wa kazi yake, likaja ombi kutoka Mtaa wa Lockett. Mwombaji alikuwa Ozella Pettway, mama wa miaka sabini na minane aliyemfundisha Thurman shule ya Jumapili. Nyuma ya nyumba yake ulisimama mwaloni mkubwa, watu wawili wasingeweza kuukumbatia. Mumewe, Alonzo, alikuwa amepigwa na kiharusi, na walikuwa wamemtandikia kitanda katika chumba cha nyuma chenye madirisha mapana, ili aone ndege. Tawi kubwa la mwaloni lilipita juu ya paa la chumba kile.

Thurman alifika saa nne asubuhi. Ua ulikuwa safi kama sebule, majani yamekusanywa kwa reki, nyasi zimekatwa, na mchanga umefagiwa hadi kwenye shina. Bi Ozella alimkaribisha chai baridi ya sukari, akamuuliza habari za Earlene, kisha akamweleza shida yake. Mti ule ulikuwa umeanza kulia. Si kwa upepo, alisema. Hata siku shwari aliusikia ukiguna, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Mialoni yote hulia, Bi Ozella," Thurman alisema. "Ni matawi yanasuguana."

"Huu si wa matawi, mwanangu. Huu unalia kutoka chini."

Thurman alicheka kwa adabu. Akaupima. Akaugonga pande zote, juu na chini, na shina likajibu kwa sauti nzito ya mti mzima. Majani mapya yalikuwa mabichi, mengi, yamejaa hadi nchani. Hapakuwa na ufa, tundu wala gome lililobanduka. Kwenye gari alikuwa na fimbo ya chuma ya kuchokonolea mizizi, lakini sheria iliitaka pale tu panapoonekana dalili, na yeye hakuona dalili. Isitoshe siku ile alikuwa na nyua nyingine kumi na moja za kukagua. Fimbo ikabaki garini.

Dirishani mzee Alonzo aliinua mkono wake mmoja uliokuwa na nguvu, akampungia. Thurman naye akampungia.

Barua ilikwenda baada ya wiki moja: ombi limekataliwa, mti ni mzima. Bi Ozella alikuwa na haki ya kukata rufaa ndani ya siku kumi na tano, lakini alimwambia binti yake, Delphine, kwamba magoti yake hayawezi ngazi za halmashauri, na kwamba mwana wa Hosea hawezi kumdanganya juu ya mti.

Mwezi wa Agosti mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, Alhamisi, jua likatoka na upepo ukatulia kabisa. Bi Ozella alikuwa jikoni, upande wa mbele wa nyumba, anapukuchua kunde. Baadaye alisema hakusikia kishindo kwanza. Alihisi sakafu imeinuka chini ya miguu yake kama mashua. Mwaloni ulikuwa umeng'oka na mizizi yake na kulala juu ya chumba cha nyuma. Mzee Alonzo alikufa hapo hapo kitandani.

Thurman alizipata habari kazini, kwa simu. Alipofika, wazimamoto walikuwa wameshautoa mwili, na watu wa mtaa wamesimama barabarani. Hakuna aliyemzuia kuingia. Alizunguka nyuma, akaliona shimo, na juu yake mizizi iliyokuwa imefukuliwa. Chini ya shina, mahali ambapo ilipaswa kuwa minene kama paja la mtu, ilikuwa imebaki vigutu vyeusi. Alikishika kimoja kikavunjika mkononi kama mkate ulioloa. Shina lilikuwa zima, majani yalikuwa mazima. Uozo ulikuwa umekula kutoka chini, polepole, miaka mingi. Alisimama pale mpaka mwenzake wa ofisini alipomshika kiwiko na kumrudisha garini.

Hakula siku ile, wala ya pili. Alikwenda mazikoni, akakaa katikati ya watu, akalia kama wengine. Wiki moja baadaye alijikaza akaenda kumwona Bi Ozella, ambaye alikuwa amehamia kwa Delphine.

Alitegemea kufukuzwa. Badala yake yule mama alimshika mkono akamketisha kando yake, akamkatia kipande cha pai ya viazi vitamu, akamwambia ale, maana amekonda. Delphine alisimama mlangoni amekunja mikono na hakuketi. Alikuwa ameshapeleka malalamiko, na halmashauri ilikuwa imetangaza siku ya kusikiliza shauri hadharani.

"Delphine ana hasira," Bi Ozella alisema. "Mimi sina. Wewe uliangalia ukasema unachokiona. Mtu ataona vipi chini ya ardhi?"

Thurman aliweka uma chini. Akaomba msamaha, maneno yakamtoka vipande vipande. Bi Ozella akampigapiga goti kama zamani, kwenye shule ya Jumapili, mtoto aliposahau mstari wake.

"Na mimi niliutengeneza ule ua kwa ajili yako," alisema, akitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Nilisema mwana wa Hosea anakuja, asikute uchafu. Nilishinda siku nzima. Kulikuwa na uyoga pale chini ya mti, mkubwa kama sahani, unatoa maji ya hudhurungi, unatia kinyaa. Kila mwaka unarudi. Nikaupiga jembe wote nikautupa, nikafukia kwa mchanga. Alonzo alikuwa ananicheka dirishani."

Delphine hakushtuka, wala hakukuwa na sababu ya kushtuka. Katika chumba kile mtu mmoja tu ndiye aliyejua maana ya uyoga ule. Uyoga wa namna hiyo ukiota kwenye kisigino cha mwaloni, mizizi imekwisha. Mkaguzi hahitaji nyundo wala fimbo. Angeuona kutoka langoni, na kibali angekiandika pale pale, amesimama.

Thurman aliitazama sahani yake. Akamaliza pai yote, kipande kwa kipande, kwa sababu alijua akiacha mdomo wazi utasema. Kisha akashukuru, akaondoka.

Usiku ule alimweleza Earlene.

"Hilo linakuondolea lawama," Earlene alisema.

"Nikiiondoa kwangu itakwenda wapi?"

Walijua wote wawili itakwenda wapi.

Shauri lilisikilizwa mwezi wa Oktoba katika ukumbi wa halmashauri. Mwanasheria wa mji alikuwa amemwelekeza Thurman vizuri: aonyeshe picha za ua, picha za majani, aseme hapakuwa na dalili yoyote, aketi. Ingetosha. Picha zilikuwa zinasema kweli, na hakuna ambaye angemuuliza zaidi. Thurman alipoitwa, alisimama, akasema aliupima mti na kuugonga. Kisha akageukia mahali alipokaa Bi Ozella, amevaa kofia yake nyeusi ya kanisani.

"Alinambia unalia kutoka chini," alisema. "Nilikuwa na fimbo ya kuchokonolea mizizi garini. Sikuitoa. Ningeitoa ningejua. Nilikuwa na haraka, na nilijiona najua."

Mwanasheria alijaribu kumkatiza. Thurman akarudia maneno yale yale, polepole, ili karani ayaandike. Hayakuwa uongo. Ndiyo maana aliweza kuyasema. Alichokificha kilibaki kwake.

Nje, kwenye ngazi, alimsubiri Bi Ozella ashuke. Mama yule alishuka amemshikilia Delphine, na alipofika mbele yake alimtazama kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu.

"Uliniambia uliangalia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia kila mtu uliangalia. Nilikutetea mbele ya mwanangu mwenyewe. Kumbe uliniona kizee anayesikia sauti."

Thurman alivua kofia. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa moja tu, nalo lingemfuata yule mama mpaka kaburini. Bi Ozella alimsubiri kidogo, kisha akampita.

Halmashauri ilimlipa Bi Ozella fidia, nyumba ikatengenezwa, na sheria ikabadilishwa: mti wowote unaosimama karibu na chumba cha kulala sharti uchokonolewe mizizi. Thurman aliondolewa kazini kabla ya Krismasi. Wengine walisema alionewa, wengine walisema alistahili kufungwa. Kinyozi alimnyoa kimya. Alipata kazi katika shamba la miche nje ya mji, akimwagilia na kupakia magari ya wateja. Mti mkubwa hakuugusa tena. Aliyemwomba ushauri juu ya mwaloni wake alimwambia aende halmashauri.

Kwa miaka sita alikutana na Bi Ozella sokoni na barabarani. Kila mara alivua kofia, na kila mara Bi Ozella aliitikia kwa kichwa, kwa heshima ya mtu mzima asiyetaka makuu, akaendelea na safari yake. Kanisani Thurman na Earlene walihamia ibada ya asubuhi, ili wasimkere. Earlene alimwuliza mara mbili, katika miaka ile, kama hachoki. Mara ya kwanza alisema anachoka. Mara ya pili alisema yule mama analala usingizi, na hilo linatosha.

Bi Ozella alifariki mwaka wa saba, mwezi wa Machi. Earlene alimwuliza kama sasa atamwambia Delphine. Thurman alisema hapana: Delphine ndiye angebaki akimlaumu mama yake, na marehemu hawezi tena kujitetea, basi.

Siku ya mazishi alikwenda peke yake, akaegesha gari ng'ambo ya barabara, mkabala na kanisa, akabaki ndani. Waombolezaji waliingia, mlango ukafungwa, kinanda kikaanza. Kisha mlango ukafunguliwa tena, na Delphine akatoka na gauni lake jeusi, akavuka barabara, akainama dirishani. Mvi zilikuwa zimeshamwingia.

"Mama aliacha maneno," alisema. "Alisema ukija, nikwambie uingie."

Thurman akashika mkono wa mlango.

"Alisema pia usikae mbele."

"Sawa," alisema Thurman.

Akashuka, akafunga vifungo vya koti, akamfuata. Benchi la mwisho lilikuwa tupu, akaketi hapo.